Vichekesho vya zamani vitafutwe Maua na Runyenjes

Anayetaka leo kumwona Mzee Ojwang' akizozana na Mama Kayai katika Vitimbi, au Ondiek Nyuka Kwota akijitetea kizimbani katika Vioja Mahakamani, atapata vipindi kadhaa vya KBC kwenye YouTube. Vingi ni vya miaka ya baadaye. Vile vya mwanzo, vya enzi ya Sauti ya Kenya kabla shirika hilo halijageuzwa kuwa KBC mwaka 1989, ni adimu kama maziwa ya kuku kwa mtazamaji wa kawaida. Kila mara suala la kuvitafuta linapozuka, macho ya wote huelekea Nairobi, kwenye maktaba ya shirika. Sina ugomvi na maktaba hiyo. Ninachosema ni kwamba msako ukiishia pale utakuwa umeacha nusu ya shamba bila kulimwa. Kanda hizo zitafutwe pia Maua, Nkubu, Runyenjes na Siakago, na wa kuzitafuta ni serikali za kaunti za Meru na Embu.

Ushahidi uko kwa wenzetu waliotangulia kupoteza. BBC ya Uingereza, tajiri kuliko kituo chochote cha Afrika Mashariki, ilifuta kanda zake kwa mamia katika miaka ya 1960 na 1970. Kanda zilikuwa ghali, zikatumiwa tena kurekodia mambo mapya, na hakuna aliyetarajia kwamba vichekesho vya Jumatano iliyopita vingekuwa na thamani baada ya miaka 40. Sehemu kubwa ya kazi ya wachekeshaji Peter Cook na Dudley Moore ilipotea hivyo. Sasa tazama vilivyorudi vilitoka wapi. Vipindi 2 vya kichekesho cha Dad's Army vilivyodhaniwa kupotea vilirejeshwa mwaka 2001 na mtu binafsi aliyekuwa amevihifadhi. Mwaka 2013 vipindi 9 vya tamthilia ya Doctor Who vilitangazwa kupatikana Jos, Nigeria, katika kituo cha televisheni, maelfu ya kilomita kutoka London. Mwenye studio alikuwa amefuta nakala yake, na iliyosalia ni ile iliyosafiri ikasahauliwa.

Nakala za vichekesho vyetu nazo zilisafiri, ila kwa njia nyingine. Fedha za kahawa, hasa bei ilipopaa mwaka 1976 na 1977 baada ya baridi kali kuangamiza mibuni ya Brazil, pamoja na za chai na miraa, ziliziwezesha familia nyingi za miteremko ya Mlima Kenya na Nyambene kununua vitu ambavyo zamani vilikuwa vya mjini. Palipokuwa na televisheni ya betri ya gari, miaka michache baadaye palikuwa na deki. Mwalimu mkuu, mfanyabiashara wa miraa, mwenye baa, mwenye ukumbi wa video: hawa ndio waliokuwa na kanda tupu za VHS, na mtu mwenye kanda tupu hurekodi kinachomchekesha. Huenda nyingi zilirekodiwa juu yake harusi na mazishi. Hata hizo zifunguliwe, kwa sababu harusi ikiisha kabla ya kanda kwisha, kilichokuwepo awali bado kipo mwishoni.

Tatizo ni muda. Ukanda wa sumaku hauvumilii unyevu wa Nyambene, ambako ukungu huota juu yake, wala joto la Mbeere kule Embu. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho duniani kuunda deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha walianza kutahadharisha kwamba baada ya mwaka 2025 itakuwa vigumu mno kanda nyingi za aina hii kuchezwa, kwa kukosa mashine na mafundi. Tarehe hiyo tumeshaifikia.

Kwa nini kaunti? Kwa sababu Katiba ya 2010 imezipa kazi hiyo kwa maneno ya wazi. Jedwali la Nne linataja miongoni mwa majukumu ya kaunti sinema, maonyesho na ukodishaji wa video, maktaba na makavazi. Kaunti zetu zimelisoma jedwali hilo vizuri sana kwenye mstari wa leseni za pombe. Meru ina makavazi yake mjini na chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kule Nchiru, na Embu ina chuo kikuu chake. Kinachohitajika kuanza ni deki chache zinazofanya kazi, kompyuta, fundi anayejua kusafisha vichwa vya deki, na tangazo kwa Kimeru na Kiembu kupitia Muuga FM na Wimwaro FM: leta kanda, tutainakili, uondoke nayo.

Wako watakaosema hospitali hazina dawa, na sisi tunahangaikia vichekesho. Hoja hii ina uzito, lakini kwa gharama ya vifaa vilivyotajwa hapo juu hakuna zahanati itakayofungwa. Pingamizi zito zaidi ni la haki. Kipindi ni mali ya aliyekitengeneza hata kikiwa kwenye kabati la mtu Runyenjes. Ni kweli, na ndiyo maana ninasema kunakili na kuhifadhi, wala si kuuza. Kaunti itie saini mkataba na KBC kabla ya kuonyesha chochote. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda kazi za picha na sauti kwa miaka 50, kwa hiyo kipindi kilichorushwa mwaka 1975 ulinzi wake ulikwisha 2025. Zaidi ya hapo, wasanii wasisahaulike: Benson Wanjau, aliyekuwa Mzee Ojwang', alichangiwa na umma fedha za kutibiwa macho kabla ya kufariki Julai 2015.

Wengine watasema vichekesho hivyo vilitegemea kukejeli lafudhi za makabila na kuwadunisha wanawake, basi viachwe vioze. Mimi naona hiyo ni sababu ya kuvihifadhi. Wanjau alikuwa Mkikuyu aliyeigiza lafudhi ya Kijaluo kwa miongo mingi, na nchi nzima, Wajaluo wakiwemo, ikacheka. Tulichekea nini hasa? Swali hilo halijibiwi kwa kumbukumbu za wazee. Linahitaji picha na sauti zenyewe.

Na msako huu ukianza, usiwapite Weru TV na Baite TV, wanaorusha vipindi kwa Kimeru. Mtazamaji wa sasa hana deki, wala harekodi chochote sebuleni. Diski ya kituo ikiharibika, Nkubu yote haitakuwa na nakala ya pili.