Kumdunisha Mbwa

Katika lugha yetu hapana kazi rahisi kuliko kukifanya kitu kiwe kidogo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ajua kuwa mlima huwa kilima, mji huwa kijiji, na mbwa, kwa kupachikwa kiambishi tu, huwa kijibwa. Kazi hiyo haina damu wala maumivu. Mbwa mwenyewe hubaki vile vile alivyo, hubweka na kulala mlangoni, asijue kuwa jina lake limepunguzwa. Lakini siku hizi imezuka, hata katika miji yetu ya Nyanda za Juu Kusini, tamaa ya kufanya katika nyama na mifupa yale ambayo sarufi huyafanya katika maneno. Watu wataka mbwa wa kuenea katika kikombe cha chai. Nasema kuwa tamaa hiyo ni mbaya, na kwamba anayemzalisha mbwa huyo, anayemwuza na anayemnunua wote wana fungu katika ubaya wake.

Sikulifikia neno hili kwa kusoma tu. Mwezi wa Julai mmoja, mwanamke kijana niliyemfundisha zamani alikuja nyumbani kwangu Mbeya, mkoba begani.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona mkoba wako watikisika?”

Akaufungua. Ndani mlikuwa na mbwa asiyejaza kiganja changu, macho yamemtoka, amezongwa kitambaa cha sufi, anatetemeka. Alikuwa ameletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800, kwa bei ambayo baba yangu angalinunua ng'ombe. Muuzaji alimhakikishia kuwa hatakua tena. Nikamwuliza sababu ya kutetemeka, akajibu kuwa ndivyo walivyo mbwa wa namna hiyo. Asiyejua Mbeya na asikie: mji huu umekaa mita 1,700 hivi juu ya bahari, na usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Sisi wenye makoti twaota moto.

Siku ya tisa alirudi bila mkoba. Alikuwa amekwenda mazikoni Tukuyu, akachelewa kurudi, na yule mbwa akashinda hajala tangu asubuhi hata usiku. Alimkuta amelegea, naye akafa kabla ya alfajiri. Daktari wa mifugo alimweleza kuwa mwili mdogo kiasi kile hauna akiba. Ukikosa chakula saa chache tu, sukari ya damu hupungua, mnyama akazimia na kufa. “Nilimpenda, Mwalimu,” aliniambia huku akilia. Nilisadiki. Mapenzi yake hayakuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika kitu alichouziwa: kiumbe kilichoundwa hivi kwamba msiba mmoja wa jirani watosha kukiua.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Basi na tutazame jinsi mbwa huyu anavyoundwa. Kwanza yafaa ijulikane kuwa mbwa wa kikombe si aina ya mbwa. Vyama vikubwa vya wafugaji wa mbwa vya Uingereza na Marekani havitambui aina yenye jina hilo. Ni neno la sokoni. Chihuahua, mbwa mdogo mwenye asili ya Meksiko, kipimo chake katika kanuni za Marekani ni uzani usiozidi kilo 2.7, na huo tayari ni udogo mkubwa. Anayetaka kushuka chini ya hapo huchukua dume dhaifu na jike dhaifu, wale walioviza katika uzao wao, akawapandisha. Kisha huchukua wadhaifu wa watoto wao, akafanya vivyo hivyo. Wako na wadanganyifu wanaowaachisha watoto ziwa kabla ya wakati, au kuwanyima chakula, ili waonekane wadogo siku ya kuuzwa.

Matunda ya kazi hiyo waganga wa wanyama wayajua. Utosi wa mbwa huyo aghalabu haufungi, na ubongo wake hukaa chini ya ngozi kama wa mtoto mchanga maisha yake yote. Huweza kujaa maji kichwani. Koo lake hubonyea akavutwa na kamba. Meno yake husongamana katika taya isiyo na nafasi. Pia ya goti, ambayo wazee waliiita kilegesambwa, huteguka kutoka mahali pake, akachechemea kwa miguu mitatu. Na jike aliyefanywa mdogo hivyo mara nyingi hawezi kuzaa mwenyewe. Hana budi kupasuliwa. Sioni namna ya kuyaita haya ufugaji. Mfugaji hutaka mnyama aongezeke. Huyu ataka mnyama ambaye nyonga zake zimesahau kuzaa.

Wala sisemi kwamba udogo wenyewe ni dhambi. Mwaka 2007 wataalamu walionyesha kuwa tofauti ndogo katika jeni moja, iitwayo IGF1, ina sehemu kubwa katika kuwafanya mbwa wawe wadogo, na mbwa wadogo wenye afya wamekuwako tangu kale. Yorkshire terrier alifugwa na wafanya kazi wa Uingereza katika karne ya 19 ili kuua panya viwandani. Alikuwa mdogo kwa kuwa tundu la panya ni dogo. Kazi ilimpa mbwa umbo. Leo umbo limeachana na kazi. Mwaka 2023 kitabu cha Guinness kilimtangaza Chihuahua aitwaye Pearl, mwenye kimo cha sentimita 9.14, kuwa mbwa mfupi kuliko wote walio hai. Kabla yake sifa hiyo ilikuwa ya Milly, mwenye sentimita 9.65, na mwaka 2018 ilitangazwa kuwa Milly amenakiliwa katika maabara mara 49. Hapo twaona tamaa hii inakoelekea: mnyama hatazaliwa tena, atachapwa kama stempu.

Linganisha na mbwa wa kwetu. Katika mashamba ya mahindi ya Ismani mbwa huamka kabla ya mwenyewe, akamfukuza ngedere na nguruwe mwitu. Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Ruaha wamejaribiwa mbwa wakubwa wenye asili ya Uturuki ili walinde mifugo dhidi ya simba. Mimi ni Mhehe wa Iringa, na watani wangu hawajaacha kunitania kwa habari ya mbwa na sufuria. Nimeucheka utani huo miaka mingi, kwa kuwa utani ni mlango wa undugu. Lakini mtani wangu mwenye mkoba na anijibu: yeye aliyemfanya mbwa asiweze kukimbia, kutafuna, kuzaa wala kuhimili baridi, amembakizia nini? Ikiwa mimi ni mla mbwa, yeye amemla akiwa hai.

Najua nitakayojibiwa. Wa kwanza atasema kuwa kijana mwenye shahada na asiye na kazi hana budi kufanya biashara. Hoja hiyo ni nzito, na sikusudii kuidharau. Wengi wa vijana hao ni wanafunzi wangu. Lakini na ahesabu sawasawa. Jike wa namna hii huzaa mtoto mmoja au wawili, tena kwa kisu. Faida haipatikani ila kwa kumficha mnunuzi gharama ya daktari na hatari ya kifo. Biashara inayokufa mnunuzi akiambiwa kweli si biashara, ni ulaghai. Kijana huyo huyo aweza kufuga kuku, au kuzalisha mbwa wazima wa ulinzi, akasema kweli na kuuza.

Wa pili atasema kuwa mbwa wa mkobani afadhali, kwa kuwa hupendwa na kuogeshwa, ilhali mbwa wa mtaani hupigwa mawe. Kweli hupigwa mawe, nayo ni aibu yetu. Lakini uovu wa mlango wa nyuma hauhalalishi uovu wa sebuleni. Na kama tuna fedha za kumpenda mbwa, huyo wa mtaani ndiye mwenye haja. Kichaa cha mbwa chakadiriwa kuua watu 59,000 hivi duniani kila mwaka, wengi wao wakiwa wa Afrika na Asia. Na wataalamu wasema kuwa mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, mnyororo wa ugonjwa hukatika. Bei ya mbwa mmoja wa kikombe yatosha kuwachanja mbwa wengi wa mtaa mzima wa Mwanjelwa au Kihesa. Huo ndio upendo ambao jirani naye hupata faida yake.

Wa tatu atasema, mbwa ni mali yangu, yakuhusu nini? Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yajibu kuwa mnyama si mali tu. Ujerumani imekwenda mbele zaidi, ikakataza kuzalisha wanyama ambao wazao wao watarithi maumivu. Na sisi twaweza kusema hivyo wazi katika sheria yetu kabla biashara hii haijaota mizizi. Mche hupinda ungali mbichi.

Lakini sheria huchelewa, na mnunuzi aweza kuanza leo. Akiambiwa kuwa mbwa huyu hatakua, na aulize: amezuiliwa na nini? Akimwona anatetemeka, asisadiki kuwa ndivyo alivyo. Yule mwanafunzi wangu sasa anaye mbwa mwingine, wa kienyeji, rangi ya udongo, aliyemwokota kando ya soko na kumchanja. Nilipokwenda kwake mbwa huyo alinizuia langoni, akanibwekea, nikasimama mpaka mwenyewe alipotoka. Sikuudhika. Alikuwa mbwa, naye ameachwa awe mbwa.