Bezi Sio Muziki, Wanangu

Nasema na mkasirike: nyumba nyingi kutoka Ukunda hadi Msambweni hazina muziki, zina mtetemeko. Mtu kanunua wufa, kaisukuma konani, kaweka bezi mwisho, akisikia mabati yanalia anajiona fundi. Ufundi gani? Kona peke yake inaongeza bezi, hata hujagusa kitufe. Wewe unaongeza juu ya nyongeza!

Haya, weka Zein l'Abdin. Udi uko wapi? Weka bango la Mzee Ngala. Saksafoni iko wapi? Zimezama. Hiyo ndo hasara: muziki wa Pwani unaishi kwa nyuzi, pumzi na maneno, na sisi tunaujua kwa kishindo tu.

Na msiniambie pesa. Toa wufa konani. Rudisha bezi katikati. Spika mbili ndogo zikae kimo cha masikio, umbali kati yao uwe sawa na umbali wako na kila moja. Angalia waya: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukigeuza upande mmoja, spika moja inasukuma nyingine inavuta, bezi inapotea, nawe unazidi kuongeza. Ukuta wa bloku na sakafu tupu zinarudisha sauti. Weka zulia na pazia zito.

Matatu ya Likoni inashindana na injini na upepo. Sebule yako inashindana na nani? Na mtoto wa jirani aliyelala?

Shusha bezi leo, cheza wimbo unaodhani unaujua. Kisha njoo tubishane.