Mji Ulio Tayari Hupimwaje?

Wengi wetu tukisikia kuwa nchi fulani ina sheria njema za ujenzi huona yatosha. Hayatoshi, na ushahidi ni nchi ya Moroko.

Usiku wa tarehe 29 Februari 1960, mwanzoni mwa Ramadhani, ardhi ilitikisika chini ya mji wa Agadir kwa muda wa sekunde kama 15 tu. Tetemeko lenyewe halikuwa kubwa; kwa kipimo cha wataalamu halikufika 6. Walakini walikufa watu wasiopungua 12,000, yapata thuluthi ya wakazi. Chanzo chake kilikuwa karibu mno na uso wa ardhi, tena chini ya mji khasa. Lakini ilikuwapo na kazi ya mikono ya wanaadamu: kuta za mawe zilizoshikwa kwa chokaa dhaifu, na majengo ya zege yaliyosimamishwa bila ya tetemeko kufikiriwa. Hata Hoteli ya Saada, jengo la kisasa, iliporomoka yote.

Wako wasemao kuwa hiyo ni kadari. Kadari hatuikanushi, lakini ajengaye ukuta mzito bila ya kuufunga pembeni hana haki ya kujificha nyuma yake.

Mji mpya ukajengwa kusini ya ule wa kale, kwa kanuni za kukabili tetemeko, na mwaka 2002 nchi nzima ikapata kanuni zake. Baadaye hata nyumba za udongo zikawekewa zao. Kwa mwenye kutazama makaratasi, Moroko ilikuwa tayari.

Kisha ukaja usiku wa 8 Septemba 2023. Tetemeko la 6.8 liliipiga milima ya Atlas, kusini magharibi ya Marrakesh, wakafa watu karibu 3,000, wengi wao vijijini, katika nyumba za mawe na matofali mabichi. Nyumba ya udongo ikianguka hugeuka kifusi kisichoacha upenyo wa mtu kuvuta pumzi. Msikiti wa Tinmel, wa karne ya 12, nao ulibomoka vibaya. Sheria ilikuwapo, ila ilimhusu zaidi atakayejenga kesho kuliko bibi kizee aliyelala katika nyumba ya babu yake.

Basi apimaye mji asianze afisini penye ramani. Aanze na nyumba kongwe za watu wasio na uwezo, aulize nani atazitia nguvu, na kwa fedha ya nani.

Na sisi tusidhani mambo haya ni ya mbali. Bukoba ilitikiswa tarehe 10 Septemba 2016, kwa kipimo cha 5.9, wakafa watu wasiopungua 16 na nyumba nyingi za matofali zikapasuka. Vijana wenye macho makali waizunguke nyumba ya wazee wao: je, juu ya milango na madirisha upo mkanda wa zege au wa mbao uliozifunga kuta zote? Pembe zina nyufa? Tangi la maji limekaa juu ya nini? Ukuta wa chini umevunjwa ili kupata nafasi ya duka? Na kabla ya kuongezwa ghorofa kwa ajili ya kijana anayeoa, aulizwe mhandisi msingi ule uliwekwa kubeba kitu gani.