Wauza Chupa na Tezi Dume

Nina ugomvi na watu wanaouza matumaini ndani ya chupa. Utawakuta stendi, utawakuta hata msibani, wakimnong'oneza mzee wa watu: "Meza hivi vidonge, tezi dume itatulia." Ukidai ushahidi, hujibu kwamba wataalamu wa nje wamethibitisha.

Wamethibitisha nini hasa? Mwaka 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walieleza kuwa katika saratani ya tezi dume jeni iitwayo GSTP1, ambayo huzilinda seli dhidi ya sumu, huwa imezimwa. Haikukatika wala kupotea. Imebandikwa kemikali ndogo ziitwazo methili, ikawa kama mlango uliotiwa komeo. Na kwa kuwa komeo hufunguka, watu wakauliza: je, chakula chaweza kulifungua? Katika maabara, kemikali za chai ya kijani na za brokoli zimeonekana kuamsha jeni zilizolazwa kwa namna hii. Hilo ni kweli, nami nalifurahia.

Lakini seli zilizo katika kisahani cha maabara si mwili wa baba yako. Sifa za vidonge tumewahi kuzisikia. Mwaka 2001 ulianza utafiti mkubwa Marekani, Kanada na Puerto Rico, wa wanaume zaidi ya 35,000, kupima kama seleniamu na vitamini E huzuia saratani hiyo. Mwaka 2008 vidonge vikasitishwa, kwani havikusaidia. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba waliopewa vitamini E peke yake waliipata saratani kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kinga iligeuka madhara!

Sikatazi mtu kula nyanya, soya wala kabichi. Ni chakula chema. Ninachokipinga ni kumwuzia mgonjwa chakula kwa jina la tiba. Mzee anayekojoa kwa shida, anayeona damu, humaliza chupa baada ya chupa huku ugonjwa ukienea mifupani. Hachelewi kwa ujinga. Anachelewa kwa sababu ameuziwa uongo unaomwepusha na aibu ya kupimwa.

Basi, ndugu msomaji, ukiletewa chupa, muulize mwuzaji: imejaribiwa kwa wanaume wangapi, kwa miaka mingapi, wakalinganishwa na nani? Akibabaika, mpeleke mzee wako hospitali.