Mchezaji Hashonwi kwa Viraka

Mchezaji wa kubuni wa mpira wa kikapu, mwenye mtupo wa Stephen Curry, nguvu za Shaquille O'Neal na miguu ya Hakeem Olajuwon, hawezi kuwa kipimo cha ubora. Hoja kwamba mchanganyiko wenye sifa nyingi zaidi ndio bora huwavutia wengi, kuanzia Marekani hadi viwanja vya Kyambogo jijini Kampala, lakini ina kasoro tatu.

Kwanza, ujuzi hukaa mwilini. Curry ana urefu wa mita 1.88, na mpira humtoka mkononi kabla mlinzi hajainua mkono wake. O'Neal ana mita 2.16, kiganja chake huufunika mpira kama chungwa. Katika kila mitupo huru 100 alifunga takriban 53, ilhali Curry hufunga takriban 91. Mwili uliompa mmoja nguvu si ule uliompa mwingine shabaha.

Pili, ujuzi una historia. Olajuwon alizoea kugeuka upesi katika soka na mpira wa mikono mjini Lagos, kabla hajaujua mpira wa kikapu; miguu yake haitenganishwi na historia hiyo.

Tatu, uwanjani huingia watano. Uganda ilipoishinda Nigeria na kufika robo fainali ya AfroBasket 2021 mjini Kigali, mchezaji wake Ishmail Wainright aling'ara, lakini hakucheza peke yake.

Anayetaka kulinganisha wachezaji na aulize kwanza: huyu huwasaidiaje wenzake wanne?