Kiswahili Ndani ya Redio Kuukuu ya Gari

Usiache mbachao kwa msala upitao, walinena wahenga. Bila shaka hawakuwa na redio ya gari akilini, lakini mwenye gari la miaka ya tisini au la mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili huielewa methali hii kuliko wengi wetu. Redio iliyokuja na gari lake ingali nzima: kanda huzunguka, vitufe hubonyezeka, spika hutoa sauti ya kuridhisha. Muziki ndio uliohama. Haumo tena kwenye kanda wala kwenye sidii. Umo simuni, au katika flashi isiyozidi ukubwa wa ukucha. Je, mtu huyu aing'oe redio nzima anunue mpya, au atafute njia ya kuipatanisha simu ya leo na redio ya jana?

Huenda msomaji akauliza swali hili linahusu nini jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Maoni yangu ni kwamba linatuhusu sana. Mjadala wetu kuhusu istilahi za sayansi na teknolojia umekwama kwa muda mrefu kwa sababu tumeshughulikia nomino na kuvisahau vitenzi. Redio kuukuu ya gari ni mahali pazuri pa kulithibitisha jambo hilo.

Tuanze na hali ilivyo nchini. Magari mengi ya kibinafsi nchini Kenya huletwa yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo, hasa Japani, ambako pia watu huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi. Gari hilo huja na lugha yake. Maandishi kwenye kioo cha redio aghalabu huwa ya Kijapani. Baadhi ya magari huja pia na kifaa cha kulipia barabara za Japani, ambacho humsemesha dereva kila awashapo injini na kumwarifu kwamba kadi ya malipo haijatiwa. Dereva wetu huisikia sauti hiyo mwaka nenda mwaka rudi asijue anaambiwa nini.

Gari huja na masafa yake vilevile. Redio za FM za magari ya Japani ziliundwa kwa miaka mingi kunasa megahezi 76 hadi 90, ilhali vituo vyetu hutangaza kati ya 87.5 na 108. Redio isiyorekebishwa, basi, huambulia vile vituo vichache tu vilivyo chini ya 90. Mafundi hulitatua tatizo hili kwa kuchomeka kijisanduku baina ya erieli na redio. Kijisanduku hicho huyashusha masafa kabla hayajaifikia redio; kikiyashusha kwa megahezi 20, kituo kilichoko 100 husomeka 80.

Sasa tuitazame kazi yenyewe ya kuupitisha muziki wa simu katika redio kama hiyo. Njia ya kwanza ni adapta ya kanda. Kanda ya kaseti, iliyoletwa sokoni na kampuni ya Philips mwaka 1963, huhifadhi sauti kwa usumaku. Utepe unapopita mbele ya kichwa cha kusomea, usumaku wake hubadilikabadilika, na kichwa huyageuza mabadiliko hayo kuwa umeme, ambao mwishowe huwa sauti. Adapta ina umbo la kaseti, lakini ndani haina utepe. Ina kichwa kidogo kinachokabiliana na kile cha redio, na waya unaotoka nje hadi kwenye simu. Umeme wa simu hukitia kichwa hicho usumaku unaopanda na kushuka pamoja na wimbo, na redio hudanganyika ikadhani utepe unapita. Hata vigurudumu vya adapta huzungushwa bure bilashi, ili redio isidhani kanda imekwama na kuitema.

Njia ya pili ni transmita ndogo inayochomekwa katika tundu la kuwashia sigara. Hiyo huupokea wimbo kutoka simuni na kuurusha kwa mawimbi hafifu ya FM, nayo redio huunasa kana kwamba ni kituo. Hapa dereva anahitaji kuelewa mambo mawili. Kwanza, transmita nyingi hurusha kati ya 87.5 na 108; kwa hivyo redio ya Kijapani isiyorekebishwa haitaisikia transmita iliyotegwa juu ya 90. Pili, sharti ateue mahali pasipo na kituo, na mahali hapo hubadilika safarini. Masafa yaliyo matupu Nairobi huenda yakawa na mwenyewe Voi au Mombasa, na kituo chenye nguvu humeza transmita dhaifu pasi na huruma.

Njia ya tatu ni waya wa milimita 3.5, iwapo redio ina tundu lake mbele au nyuma. Hii aghalabu hutoa sauti safi kuliko zile mbili. Hata hivyo, simu ikichajiwa garini huku imeunganishwa na redio, pengine mlio mwembamba husikika, ukipanda na kushuka kadiri injini inavyokanyagiwa mafuta. Chanzo chake ni kwamba umeme umepata njia mbili za kurudi kwenye mwili wa gari, na kelele za injini hupenya humo. Chomoa chaja, na mara nyingi mlio hukoma. Ambaye simu yake haina tundu la waya hununua kipokezi cha Bluetooth, akakichomeka redioni, na waya wa simuni hauhitajiki tena.

Ndugu msomaji, tazama tena maelezo hayo. Nomino za mkopo zimo, tena si chache: redio, kaseti, adapta, transmita, chaja. Sikuzionea haya. Lakini maelezo yenyewe yamebebwa na vitenzi: kunasa, kurusha, kushusha, kugeuza, kudanganyika, kuzungushwa, kutema, kumeza, kupenya, kuchomeka, kuchomoa. Hakuna hata kimoja kilichobuniwa na kamati. Mtego ulimnasa mnyama na ulimbo ukamnasa ndege kabla redio haijanasa mawimbi. Watoto walirusha mawe kabla vituo havijarusha matangazo. Kitenzi cha zamani kiliipokea kazi mpya bila kelele.

Linganisha na nomino. Tumebishana juu ya tarakilishi, ngamizi na kompyuta hadi tukachoka; tukabishana juu ya runinga na televisheni, rununu na simu ya mkononi. Katika muda uo huo, kupakua kulitoka jikoni na bandarini kukaingia mtandaoni, na hakuna aliyeandaa kongamano la kukupinga. Kila mpishi alijua kupakua ni nini. Maana mpya ilieleweka kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa hai.

Fauka ya hayo, vitenzi vya Kiswahili vina utajiri ambao fundi huutumia kila siku ilhali sisi huukariri kwa ajili ya mtihani. Mteja akimwambia fundi kwamba redio imezimwa, fundi hutafuta mtu au swichi. Akisema imezimika, fundi hutafuta fyuzi iliyoungua. Akisema inajizima, fundi hushuku waya uliolegea, unaogusa na kuachia gari litikisikapo. Akisema haizimiki, fundi huanza kuhofia betri itakayokutwa imekufa asubuhi. Mzizi ni mmoja, kauli zimetofautiana, na kila kauli imemwelekeza fundi mahali tofauti. Kadhalika kauli ya kutendua: chomeka na chomoa, pachika na pachua, ziba na zibua, funga na fungua. Hiyo ndiyo kazi ya ufundi kwa muhtasari, kutenda na kutendua, nayo imo katika sarufi yetu tangu jadi.

Wako watakaopinga. Watasema kwamba fundi na mteja wanaelewana tayari kwa mchanganyiko wa Kiswahili, Kiingereza na Sheng, na kwamba hakuna haja ya kuwasumbua. Ni kweli wanaelewana, ana kwa ana. Tatizo huanza pale fundi asipokuwepo. Kijikaratasi kilichomo ndani ya boksi la transmita aghalabu huwa cha Kiingereza au Kichina. Vyuo vyetu vya kiufundi hufundisha na kutahini kwa Kiingereza. Kijana aliyejifunza kazi kwa kumtazama fundi mkuu ana maarifa mengi mikononi, lakini hana ukurasa hata mmoja wa Kiswahili wa kumwonyesha sababu ya kile anachokifanya. Maarifa yake hubaki kibandani, na siku akiondoka huondoka nayo.

Tena hili si suala la mapenzi ya lugha pekee. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 46 inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma. Ukizisoma ibara hizi mbili kwa pamoja, utajiuliza kwa nini dereva anunue kifaa, ashindwe kukitumia kwa sababu tu hakuna aliyemweleza habari ya megahezi 90, kisha akitupe akidhani ni kibovu. Pesa zake zimepotea kwa ukosefu wa sentensi tatu za Kiswahili.

Wengine, hasa baadhi ya wataalamu wetu, watahofia kwamba nikizikubali nomino za mkopo ninaibomoa lugha. Siamini hivyo. Redio, gari na kitabu ni mikopo, na ngeli zetu zimeipokea. Kitabu kimezaa vitabu kana kwamba kilizaliwa hapa. Lugha hupungukiwa pale inaposhindwa kueleza jinsi kitu kinavyofanya kazi, hata kama ina jina la kujivunia la kitu hicho. Mtu anayejua neno tarakilishi lakini akakimbilia Kiingereza anapoulizwa inavyofanya kazi ana jina tu.

Napendekeza mambo mawili, yote yaliyo ndani ya uwezo wa chama chetu. Kwanza, tutoke madarasani twende Luthuli Avenue hapa Nairobi, na kwenye vibanda vya mafundi Mombasa, Kisumu na Eldoret, tukusanye vitenzi wanavyotumia, pamoja na mazingira ya matumizi yake. Tusiwapelekee orodha ya istilahi, tukawasikilize. Pili, kila mwanafunzi wa isimu aandike ukurasa mmoja kueleza kifaa kimoja kwa Kiswahili, na ukurasa huo asomewe fundi kabla haujamfikia mhadhiri. Fundi akielewa na kukubali, umefaulu. Wahadhiri wetu nao wakiikubali kazi hiyo iwe sehemu ya tathmini, tutakuwa na mamia ya kurasa katika kipindi kifupi, nazo zitatufaa kuliko kongamano lingine la kujadili jina la kompyuta.

Shime, wanafunzi wenzangu. Redio kuukuu inaweza kucheza muziki mpya bila kung'olewa, mradi pawepo anayejua pa kuchomeka waya. Kiswahili nacho kina vitenzi vyote kinavyohitaji kuanza kazi hii. Kilichokosekana ni sisi kuvitumia.