Mwana wa Banissa na Magofu ya Shanga

Siku hizi ukikutana na mtu aliyerudi Ulaya, hakosi kukusimulia visiwa vya Ugiriki. Atakutajia Delos, na zaidi Krete, ambako Mwingereza Arthur Evans alianza kufukua jumba la Knossos mwaka 1900, kisha akalijenga upya kwa saruji na rangi kama alivyodhani lilikuwa. Watu hulipa nauli kubwa kwenda kuona saruji hiyo! Sisemi wasiende. Lakini ni wachache wanaorudi na habari kwamba Krete ilitawaliwa na Waislamu waliotoka Andalusia, tangu miaka ya 820 hadi 961, na kwamba mji wao mkuu waliuita Al-Khandaq kwa ajili ya handaki walilouzungushia. Neno ni hilihili letu. Utawala huo uling'olewa, na pale juu ya ardhi alama zake ni haba mno.

Sisi tumebakia, na magofu yetu yamebakia. Je, nani huyazuru?

Kwenye kisiwa cha Pate kuna mji uliokufa uitwao Shanga. Mark Horton alianza kuuchimba mwaka 1980, na chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti mingine, mmoja chini ya mwenziwe, hata akafikia kijengo cha miti cha karne ya 8. Zilionekana pia sarafu ndogo za fedha zenye majina ya Kiislamu. Maana yake ni kuwa kibla kilielekewa Shanga kabla ya Andalusi yeyote kukanyaga Krete. Mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15; kuta za matumbawe na makaburi vingali vimesimama vichakani.

Sasa namfikiria mwanafunzi wa Banissa, huko Mandera, karibu na mpaka wa Uhabeshi. Huyu huanza elimu kwa kuandika aya juu ya ubao kwa wino wa makaa. Nani amemwambia kwamba Siyu, mwendo mfupi kutoka Shanga, ulikuwa mji wa wanachuoni walionakili misahafu kwa mkono, na wa mafundi wa ngozi? Nani amemwambia kwamba Wasomali walikaa Siyu pamoja na Waswahili, na kwamba mji ule chini ya Bwana Mataka ulimsumbua sana Seyyid Said wa Unguja? Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utenzi mwaka 1858, alikuwa mke wa Mataka huyo. Mtoto wa Banissa akifika pale hatakuwa mgeni mtupu.

Na jambo hili si la matembezi tu. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walichujwa na kupewa kadi za pekee, ati wathibitishe uraia wao. Mpwani naye anajua kuulizwa babu yake alizaliwa wapi. Mwaka 2023 wataalamu walichapisha uchunguzi wa mifupa ya kale ya Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na kwingineko: kwa upande wa mama asili ni Afrika hasa, na kwa upande wa baba wengi wana damu ya Uajemi. Wenye kuitwa wageni wana makaburi yaliyoitangulia serikali yenyewe kwa karne nyingi.

Kwa hiyo naomba serikali za kaunti za Mandera na Lamu zishirikiane kuwapeleka wanafunzi. Gharama ipo, nayo njia kupitia Wajir na Garissa ni ndefu. Usalama pia lazima uangaliwe, maana tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014 wazazi wana haki ya kuogopa. Nasi wa pwani tusingoje kutembelewa tu. Ni wangapi kati yetu wawezao kuonyesha Banissa kwenye ramani? Watoto wetu nao wapelekwe huko wakaone ngamia wakinyweshwa.

Kama safari itapangwa, basi iwe Desemba, wakati wa kaskazi. Kusi likivuma Julai, bahari haimfai mtoto ambaye hajapata kupanda chombo. Tena nahodha aulizwe mapema saa za maji, kwani mlango wa Mkanda hupitika yakijaa.